Yakini Haiondolewi na Shaka: Somo Kutoka kwa Laptopu ya Madrasa



Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, niliombwa niandike somo la kanuni za fiqhi kwa toleo hili. Nilikusudia kuleta mifano tuliyoizoea darasani: mtu aliyetilia shaka udhu wake, maji yaliyobadilika rangi, msafiri asiyejua kibla. Lakini likizo iliyopita nilikaribia kupoteza amana ya watu, na nikajikuta nazihitaji kanuni hizo mbele ya kompyuta kuliko nilivyowahi kuzihitaji kwenye chumba cha mtihani. Kwa hiyo somo hili lina faida mbili. Ukiwa na laptopu ya zamani uliyoshindwa kuiwekea mifumo miwili, utapata njia ya kuitengeneza. Na ukiwa mwanafunzi wa fiqhi, utaona kanuni mbili zikifanya kazi mahali ambapo hukuzitarajia.

Kilichotokea

Nyumbani kwetu ni Oraba, mpakani, upande wa Koboko. Ng'ambo ya pili ni Kaya, Sudan Kusini. Malori ya Juba hupita hapo, na Kiswahili cha madereva huchanganyika na Kikakwa, Kilugbara, Kinubi na Kiarabu cha Juba. Karibu na msikiti iko madrasa niliyosoma utotoni. Maalim wetu ana laptopu moja nzee yenye diski ya GB 320 na RAM ya GB 4. Betri yake ilishakufa. Hufanya kazi ikiwa imechomekwa tu.

Ndani ya laptopu hiyo mlikuwa na majina ya watoto wote wa madrasa na ada zao, orodha ya familia zinazopewa zaka ya fitri, na hesabu za duka dogo la wakfu. Nakala nyingine haikuwepo popote.

Maalim aliniita baada ya Alasiri. "Mwanangu, wewe uko chuo kikuu. Kitu hiki kimekuwa kizito, na kila siku kinaniandikia maonyo. Kitazame."

Nikakitazama. Kilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 isingekubali, kwa sababu inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho laptopu ya umri ule haina. Tena Windows yenyewe ilikuwa ya kuvunjwa kufuli, iliyowekwa na fundi wa zamani.

Nikamwambia, "Maalim, nitakuwekea Linux pembeni ya Windows. Ukiwasha, utachagua unayoitaka. Kesho asubuhi itakuwa tayari." Sikuwahi kuifanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Niliifanya mara moja tu kwenye yangu, tena rafiki akiwa pembeni.

Usiku ule, baada ya Isha, nilipunguza sehemu ya Windows kwa GB 60, nikaweka Linux kwenye nafasi iliyopatikana, na kila kitu kikaisha salama. Nilipowasha upya, kompyuta iliingia Linux moja kwa moja. Menyu ya kuchagua haikutokea. Windows haikuonekana.

Nikaingiwa na hofu. Nikasema moyoni: nimeifuta Windows pamoja na kila kilichomo. Nikarudi kwenye flashi ya kusakinishia, nikafungua programu ya kugawa diski, nikafuta sehemu mbili za Linux ili nianze upya. Kabla sijaanza, taa za msikiti zikafifia na laptopu ikazimika. Betri ya sola ilikuwa imebeba taa na kipaza sauti tangu Magharibi, nami sikuwa nimeuliza imebakiwa na nguvu kiasi gani.

Alfajiri umeme wa jua ulipopatikana niliwasha tena. Skrini nyeusi ikaandika: error: no such partition. Na chini yake: grub rescue. Maana yake ni kwamba sehemu ya diski inayotafutwa haipo. Sasa hata Linux haikuwaka. Watoto walikuwa wanaanza kuingia madrasa.

Kwa nini nilitaka mifumo miwili

Kabla ya kuendelea, niseme neno juu ya Windows ya kuvunjwa kufuli, maana najua wengi wetu hapa chuoni tunayo. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, lilipitisha azimio namba 43 kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, na haifai kuzivamia. Tukiisoma hukumu hiyo kwenye somo la miamala kisha tukaandika majibu ya mtihani kwa programu iliyoibwa, kuna jambo halijakaa sawa.

Linux inatutoa kwenye tatizo hilo. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, na hutolewa kwa leseni inayokuruhusu kuinakili na kumpa mwenzako. Lugha yetu nayo ina historia humo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Kwa hiyo nia yangu ilikuwa njema. Niliiacha Windows ibaki kwa muda kwa sababu mafaili ya Maalim yalikuwa humo na mkono wake ulishaizoea.

Lakini nia njema haitoshi kuwa ujuzi. Tutaliona hilo mwishoni.

Kanuni ya kwanza: yakini haiondolewi na shaka

Hii ni moja ya kanuni tano kubwa. Imam as-Suyuti (aliyefariki mwaka 911 Hijria) ameieleza katika al-Ashbah wan-Nadhair, na katika Majalla ya dola ya Uthmaniya ni kifungu cha 4. Mfano wake unajulikana: mwenye yakini kwamba alitawadha, kisha akatilia shaka kama udhu umetenguka, hukumu yake ni kwamba bado ana udhu. Anashikilia alichokijua mpaka aletewe yakini nyingine.

Rudi sasa kwenye usiku ule. Nilikuwa na yakini gani? Nilijua nimepunguza sehemu ya Windows kwa njia sahihi, nikiwa ndani ya Windows yenyewe. Nilijua niliiwasha baada ya hapo na ikawaka. Nilijua Linux niliiweka kwenye nafasi tupu. Kwa hiyo yakini ilikuwa kwamba Windows ipo. Kutokuonekana kwenye menyu kulikuwa shaka tu. Mimi nilifanya kinyume: niliitupa yakini na kuifuata shaka, na madhara yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Sababu ya kweli ilikuwa ndogo. Programu inayopokea kompyuta inapowaka na kuuliza uingie mfumo gani inaitwa GRUB. Tangu toleo lake la 2.06, GRUB haitafuti mifumo mingine kwenye diski mpaka uiruhusu. Isipoona mfumo mwingine, mara nyingi huificha menyu na kuingia Linux moja kwa moja. Dawa yake ni mstari mmoja. Ukiwa ndani ya Linux unafungua faili la /etc/default/grub, unaandika humo:

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false

Kisha kwenye terminali unaandika:

sudo update-grub

Windows inatokea kwenye menyu. Dakika tano. Nami kwa kutojua nilifuta Linux nzima.

Na ule ujumbe wa asubuhi? Huo nao una maana nyepesi. GRUB ina vipande viwili. Kipande kidogo hukaa mwanzoni kabisa mwa diski, na kilichobaki hukaa ndani ya sehemu ya Linux. Nilipofuta sehemu ya Linux, kipande cha mwanzo kilibaki pale pale, kikawa kama mlinzi wa geti anayemwelekeza mgeni kwenye nyumba iliyobomolewa. Ndiyo maana kilisema sehemu haipo. Hakikusema kwamba Windows haipo.

Kanuni ya pili: madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake

Hiki ni kifungu cha 25 cha Majalla, na ni tawi la kanuni kubwa isemayo kwamba madhara huondolewa. Huwezi kuondoa madhara kwa kuleta mengine yaliyo sawa nayo, sembuse yaliyo makubwa zaidi.

Asubuhi ile kijana mmoja wa hapo kituoni alinishauri: "Kaka, piga fomati yote, weka Windows mpya, saa mbili umemaliza." Ni kweli kompyuta ingewaka. Lakini majina ya watoto na orodha ya zaka vingekwenda. Kompyuta isiyowaka ni dhara, na kupoteza hesabu za wakfu ni dhara kubwa kuliko hilo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya matengenezo yoyote ni kutoa kilichomo kabla ya kugusa kitu.

Nilifanya hivi, nawe ukipatwa ufanye hivi:

1. Acha kubonyeza. Usisakinishe chochote, usikubali programu yoyote itengeneze diski yenyewe.

2. Washa kompyuta kwa flashi ya Linux, na uchague kuijaribu bila kusakinisha. Kwa njia hii mfumo unafanya kazi kutoka kwenye flashi, na diski haiguswi.

3. Andika lsblk -f kwenye terminali. Utaona sehemu zote za diski na aina yake. Sehemu ya Windows huandikwa ntfs. Mimi niliiona pale pale, kwa jina la sda2. Nilisema alhamdulillah kwa sauti mpaka watoto wakageuka.

4. Ifungue kwa kusoma tu: sudo mount -o ro /dev/sda2 /mnt. Herufi ro zinazuia kuandikwa kitu chochote. Hili ni muhimu, kwa sababu tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows ikizimwa kwa kawaida huwa haizimiki kabisa. Huhifadhi sehemu ya kazi yake kwenye diski ili iwake haraka. Ukiandika juu yake ikiwa katika hali hiyo, unaweza kuharibu mafaili.

5. Nakili mafaili kwenye flashi nyingine, kisha uyafungue hapo uone kama yanasomeka. Nakala usiyoifungua bado ni shaka. Mimi niliazima flashi mbili kwa muuza vifaa vya simu, nikanakili kwenye zote mbili.

6. Chukua pia nakala ya mwanzo wa diski, kwenye folda ya flashi mojawapo: sudo dd if=/dev/sda of=mwanzo.img bs=512 count=1. Hakikisha kwanza kwamba sda ni diski ya kompyuta, na usikosee kati ya if na of, maana ukizigeuza utaandika juu ya diski badala ya kuisoma.

Baada ya hapo moyo ulitulia. Kompyuta ilikuwa bado haiwaki, lakini amana ilikuwa imetoka salama.

Maswali manne kabla ya kusakinisha tena

Sasa nilijilazimisha kujibu swali moja moja, na kila jibu liwe na ushahidi wa macho.

Swali la kwanza: je, kompyuta inawaka kwa njia ya zamani au mpya? Kompyuta za zamani huwaka kwa BIOS, za sasa kwa UEFI, na zile za katikati zina zote mbili. Mifumo miwili ikiwekwa mmoja kwa njia hii na mwingine kwa njia ile, haitaonana kwenye menyu moja. Ukiwa ndani ya flashi ya Linux andika ls /sys/firmware/efi. Folda ikiwepo, umeingia kwa UEFI. Isipokuwepo, umeingia kwa BIOS. Linganisha na Windows: ndani yake andika msinfo32, utaona kama imeandikwa Legacy, yaani BIOS, au UEFI. Windows yako ikiwa haiwaki, tazama jedwali la diski kwa sudo parted -l: msdos ni dalili ya BIOS, gpt ni dalili ya UEFI. Kwangu ilikuwa msdos, na flashi iliingia kwa BIOS. Zimelingana.

Swali la pili: je, diski ina nafasi kwenye jedwali lake? Jedwali la msdos limo katika baiti 512 za kwanza za diski: baiti 446 ni za programu ya kuwashia, 64 ni za orodha ya sehemu, na 2 ni alama ya mwisho. Kila sehemu inachukua baiti 16, kwa hiyo sehemu kuu haziwezi kuzidi nne. Laptopu nyingi za zamani zilitoka kiwandani na sehemu nne tayari. Ukipunguza Windows, nafasi inaonekana lakini msakinishaji anaikataa. Wengi husema diski mbovu, kumbe jedwali limejaa. Hapo Windows yenyewe ikikuambia igeuze diski iwe ya aina nyingine, ikatae. Njia iliyo salama ni kunakili mojawapo ya sehemu zisizo za lazima, kuifuta, na kuweka mahali pake sehemu kubwa ya kubeba nyingine ndani yake. Kwangu zilikuwa mbili tu za Windows, nafasi ipo.

Swali la tatu: je, diski ni nzima? Andika sudo smartctl -a /dev/sda, au fungua programu ya diski usome hali yake. Tazama mistari ya Reallocated na Pending, inayohesabu sehemu zilizoharibika na zinazosubiri. Hesabu ya Pending ikiwa zaidi ya sifuri na inapanda, tafuta diski nyingine kabla ya jambo lolote. Kwangu zote zilikuwa sifuri.

Swali la nne: je, flashi yangu na kompyuta hii vinapatana? Linganisha namba ya sha256sum ya faili ulilopakua na ile iliyoandikwa na watoaji wake, maana faili likikatika njiani kwa intaneti yetu, usakinishaji hukwama katikati bila kueleza sababu. Kisha andika lscpu uone kama prosesa ni ya biti 64. Ubuntu iliacha kutoa picha ya kusakinishia kompyuta za mezani za biti 32 tangu toleo 17.10 la mwaka 2017, na Debian 13 ya mwaka 2025 nayo haina msakinishaji wa biti 32.

Kurudisha

Safari hii nilianza baada ya Adhuhuri, jua likiwa juu na betri ya sola imejaa, na nikamwomba mwangalizi wa msikiti asiwashe kipaza sauti mpaka nimalize. Nikatumia ile nafasi tupu ya GB 60, bila kugusa sda1 wala sda2. Msakinishaji alipouliza GRUB iwekwe wapi, nikachagua diski yenyewe, /dev/sda, na si sehemu mojawapo kama /dev/sda5. Kosa hilo dogo linaweza kumfanya mtu amalize kusakinisha na kompyuta isiione Linux.

Ikaisha. Nikawasha. Ikaingia Linux bila menyu, kama usiku ule. Safari hii sikuogopa. Nikaandika ule mstari mmoja, nikaendesha update-grub, na terminali ikaandika kwamba imeiona Windows. Nikawasha tena: mistari miwili, Linux na Windows. Nikaingia Windows, mafaili yote yapo. Humo nikaandika powercfg /h off, kwa ruhusa ya msimamizi, ili ikizimwa izimike kabisa.

Kama wewe unataka Windows tu irudi, na kompyuta yako ni ya BIOS, flashi ya Windows ina terminali ya matengenezo. Amri ya bootrec /fixmbr hurudisha mwanzo wa diski kwa Windows bila kugusa mafaili. Kwa kompyuta ya UEFI, ingia kwenye mipangilio ya kuwasha uchague Windows Boot Manager kwanza.

Saa na sala

Nilidhani nimemaliza. Siku ya pili Maalim aliniita akicheka. "Mwanangu, kompyuta yako inasema ni saa nne asubuhi, na sisi tumeshaadhini Adhuhuri."

Windows ilikuwa nyuma kwa saa tatu kamili. Sababu ni kwamba Linux huandika kwenye saa ya ndani ya kompyuta wakati wa dunia, yaani UTC, na Windows huichukua saa hiyo hiyo kuwa ni wakati wa hapa. Uganda tuko saa tatu mbele ya UTC, na tofauti yote ikatokea kwenye skrini. Mwenye programu ya adhana ndani ya Windows angesikia Adhuhuri wakati wa Alasiri. Dawa ni amri moja ndani ya Linux: timedatectl set-local-rtc 1. Baada ya hapo rekebisha saa ya Windows mara moja, na zitakwenda pamoja.

Dhamana

Nimebakisha lililo zito. Asubuhi ile skrini ilipokuwa nyeusi, Maalim alikuja na chai akauliza, "Vipi, tayari?" Ulimi wangu ulitaka kusema: "Umeme ulikatika, Maalim." Lingekuwa neno la kweli, maana kweli ulikatika. Lakini lingemfanya aamini jambo ambalo si kweli: kwamba mimi sikuwa na kosa.

Nikamwambia yote. Kwamba sikuchukua nakala, kwamba sikuuliza habari ya betri, kwamba niliogopa nikafuta bila kuhakikisha, na kwamba sijui kama hesabu za wakfu zipo au zimekwenda.

Alinyamaza kidogo, akaweka chai chini. "Umesoma mlango wa wadia?"

"Nimesoma, Maalim."

"Basi hukumu wewe."

Nikamjibu kama tulivyofundishwa katika madhehebu yetu ya Shafi. Aliyepewa amana, mkono wake ni mkono wa amana. Kikiharibika bila kosa lake, halipi. Lakini akivuka mpaka au akizembea, dhamana ni juu yake. Na imepokewa katika Sunan Abi Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alimbebesha dhamana mtu anayetibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu. Mimi nilitibu na sikuwa tabibu. "Nimezembea, Maalim. Ninadaiwa."

"Vizuri," akasema. "Sasa kunywa chai, kisha ulipe kwa kutafuta. Kikipatikana, utalipa pia kwa kufundisha, ili mwingine asizembee kama wewe."

Kilipatikana, kwa rehema ya Allah. Deni la pili ndilo makala haya. Mimi na vijana wawili wakubwa wa madrasa tumeweka utaratibu: kila Alhamisi baada ya Alasiri mafaili hunakiliwa kwenye flashi mbili, moja inakaa kwenye kabati la msikiti, nyingine nyumbani kwa mweka hazina. Maalim anatumia Linux kwa daftari la watoto. Windows anaifungua mara chache, na tumekubaliana itaondolewa atakapokuwa ameizoea Linux kabisa.

Ndugu msomaji, kumtegemea Allah hakumwondolei mtu kazi ya kumfunga ngamia. Nakala ya mafaili ndiyo kamba ya ngamia wetu wa leo. Na mtu anapokukabidhi kompyuta yake akisema "wewe uko chuo," amekukabidhi zaidi ya chuma na plastiki.

Maswali ya halaqa

1. Katika kisa hiki, yakini ilikuwa ipi na shaka ilikuwa ipi? Leta mfano mwingine kutoka kwenye masomo yako.

2. Fundi anayelipwa na rafiki anayesaidia bure, je, dhamana yao ni moja? Rejeeni milango ya wadia na ijara.

3. Nani kati yetu ana mafaili ya jumuiya kwenye kompyuta moja tu? Kabla ya kikao kijacho, yawe mahali pawili.

Wabillahi tawfiq.